Moyo Ulio Nje ya Wimbo

1

Salima alipomaliza kutoa ushuhuda wake, kanisa zima lililipuka kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakasimama, na Mchungaji Asukulu, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka tena kwa tahadhari, akafuta machozi kwa mkono wa koti. Binti wa Kiislamu kutoka Kasongo amempokea Bwana! Jamani, furaha gani tena ilikuwa imebaki duniani?

Ni Wabiwa peke yake aliyekuwa anatazama ukuta.

Wabiwa alikuwa mwanzishaji wa nyimbo na dada mkubwa wa mchungaji, mwanamke mfupi aliyepewa sauti ya watu watatu. Mahali pake palikuwa kushoto mwa madhabahu, na kutoka hapo alikiona vizuri kioo kilichofungwa ukutani pamoja na lile bakuli la chuma lililoning'inia darini. Bakuli hilo lilisikia mapigo ya mioyo ya watu bila kuwagusa, na watu walikuwa wamelipa jina la Sikio. Kila aliyeketi kanisani alikuwa na nukta yake kwenye kioo, palepale alipoketi. Nukta nyeupe ni moyo unaokwenda na wenzake, nyekundu ni moyo ulio nje. Siku ile nukta zote zilikuwa nyeupe, isipokuwa moja katika safu ya tatu, na hiyo ilikuwa ya Salima.

Kosa lilikuwa la kwao wenyewe. Watu hawa wa Fizi walilelewa katika uamsho, na desturi yao ilikuwa kwamba mwenye jambo moyoni husimama akalisema mbele ya wote, kisha wote humwimbia. Waliamini ulimi ukitangulia, moyo utafuata tu. Walipoona binti anasumbuliwa na Sikio, dawa waliyoijua ilikuwa hiyohiyo: asimame, ashuhudie. Naye maskini akasimama, akasema uongo kwa sababu ya mtoto anayemlea, na moyo wake ukakimbia kama mwizi aliyepigiwa kelele, wakati mioyo ya wengine ilikuwa inapanda kwa furaha pamoja. Walitaka kumfunika, wakamvua nguo.

Afisa Mbeyu wa Idara ya Makazi, mwanamke mrefu mwenye sare ya kijivu, alisubiri vigelegele viishe. Alikuwa na adabu, hilo tumpe. Kisha akamwendea mchungaji akamwambia kwa sauti ya chini, lakini Wabiwa alisikia.

"Kwa huyu hii ni mara ya pili, Mchungaji. Jumapili ijayo akiwa bado nje, atateremshwa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa neno hilo. Mji wa Kilele ulijengwa juu milimani baada ya mabonde kuungua na bunduki kushika kila kilichosalia, na haukupokea mtu mmojammoja. Ulipokea jumuiya za dini nzimanzima, kwa hoja kwamba watu wanaosali pamoja hulishana, huleana yatima, na hawachomi maduka. Ulikuwa mpango mzuri mpaka madalali walipoanza kuuza nafasi, wakikusanya wasiojuana barabarani na kuwaita kanisa au msikiti. Mwaka huu ndipo Sikio likaletwa. Aliyekutwa nje aliteremshwa kwa gari mpaka Lango la Chini, akafunguliwa mlango. Hakuna habari ya aliyeteremshwa iliyowahi kupanda tena.

2

Nyumbani, Riziki alikuwa amelala kifuani kwa Salima akiwa amekamata sikio lake, maana bila kushika sikio la mama yake mtoto yule halali. Ana miaka mitatu na anatoa amri kama chifu.

Mama yake, nimesema, lakini aliyemzaa ni Mapendo, binti wa Wabiwa. Mapendo alijifungulia njiani wakati wa kukimbia, akafa kabla hajaona uso wa mtoto. Wabiwa akabaki na kichanga kinacholia na kifua chake cha bibi kisicho na tone. Wenzake walikuwa wameshaanza kumtazama kwa ile huruma ya watu wanaosubiri msiba wa pili. Ndipo akatokea msichana kutoka kundi jingine, aliyekuwa amemzika mwanawe mwenyewe na maziwa yanamlowesha nguo, akanyoosha mikono bila kuuliza mtoto ni wa kabila gani wala wa dini gani.

"Kwetu," alimwambia Wabiwa baadaye, "aliyenyonya kwangu ni mwanangu. Si kwa maneno tu. Ni sheria ya Mungu."

Basi langoni pa Kilele, karani alipouliza huyu ni nani, Wabiwa alijibu, "Binti yangu." Mchungaji Asukulu alikuwa pembeni. Alitazama mawingu, akanyamaza.

Sasa Salima aliinua macho. "Mama, nisamehe. Nilijaribu kweli. Nilipolitaja jina la Yesu mbele ya watu wale waliofurahi vile, nilimwona babu yangu amekaa kwenye mkeka wake ananitazama. Moyo ukanikimbia."

"Usiniombe msamaha mimi. Sisi ndio tuliokusukuma."

"Nikiteremshwa, Riziki atabaki?"

Wabiwa aliutazama mkono wa Salima uliomkumbatia mtoto. Alijua jibu. Nukta ya mtoto ilikuwa nyeupe, na nyeupe haiteremshwi. Riziki angeng'olewa kutoka mkono ule, na mkono wenyewe ungetupwa Lango la Chini. Kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa na uchungu, alifunga kitenge, akaenda Idara ya Makazi.

Afisa Mbeyu alimkaribisha kiti na chai. Wabiwa akaikubali chai, maana hasira haizuii kiu.

"Bi. Mbeyu, nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu. Kile kidude chenu kinamjua Yesu?"

Afisa alitabasamu kidogo. "Hakimjui Yesu, hakimjui Mtume, hakinijui hata mimi, Mama. Watu wakiimba pamoja hupumua pamoja. Wakipumua pamoja, mioyo yao hupanda na kushuka pamoja. Hilo halihitaji mashine, hata wewe unalijua. Mashine inahesabu tu nani yumo na nani hayumo."

"Inamjuaje aliye nje?"

"Inatazama walio wengi. Walio wengi wakienda pamoja, hao ndio jumuiya. Anayebaki ni mgeni."

"Na wimbo? Lazima uwe wa kitabuni kwetu?"

"Haina kitabu cha nyimbo." Afisa aliweka kikombe chini. Alikuwa ameshaona swali linaelekea wapi. "Mama Wabiwa, kuna jambo moja ulijue. Mtu wa kawaida ana maonyo. Kiongozi hana. Madalali walikuwa wanajifanya wachungaji na masheikh, kwa hiyo kiongozi akikutwa nje ya watu wake mwenyewe, anateremshwa siku hiyohiyo. Na siwezi kuzuia. Kipimo kikifungwa, majibu yanakwenda kwa wakubwa yenyewe."

Wabiwa alirudi nyumbani polepole. Wimbo ulikuwa umeshamjia, na aliogopa kuupiga hata mluzi.

3

Njiani wakati ule wa kukimbia, walipopita msitu wa mianzi usioonyesha hata kiganja, ni Salima aliyewashikilia pamoja. Alikuwa anambembeleza kichanga kwa kasida ya babu yake, taratibu, bila kukatisha, na watu waliotawanyika walifuata sauti. Kufika ukingoni mwa msitu kundi zima lilikuwa linaimba: wazee wa kanisa, akina mama wa maombi, wote. *Ya Rabbi tuvushe, usiku ni mrefu, kwa baraka za Mtume tuione alfajiri.* Hawakumpoteza mtu hata mmoja. Walipofika salama wakashukuru kwa nyimbo zao, na ule mwingine hakuna aliyeutaja tena. Unajua watu.

Wabiwa alianza na akina mama bombani: Jumapili waiimbe kasida ile kanisani. Mmoja akasema "Mungu apishe mbali", akachukua ndoo yake. Lakini wengine walibaki, na mjukuu wa Lubunga, mmoja wa wazee wa kanisa, akaanza kuuvumisha bila kujijua huku ndoo inajaa, na mwenzake akaudaka, na Wabiwa akaona nywele za mikono yake zinasimama.

Aliyekataa kwanza alikuwa Salima mwenyewe.

"Ile ni ibada, Mama. Siyo ujanja wa kupitia mlangoni. Juzi mmenishuhudisha uongo, leo mnataka wimbo wa babu yangu uwe ufunguo?"

"Ndiyo," alisema Wabiwa. "Mimi ni bibi wa mtoto huyu, na nitafungua kwa chochote. Kama kuna dhambi, andika jina langu."

Salima alilia, akamtazama Riziki, na mwisho akaitikia kwa kichwa. Mapenzi ya mtoto hayana kiburi.

Asukulu alikuja kula kama ilivyokuwa desturi yake, na hakugusa chakula. Alikuwa ameshasikia. Mji wa wakimbizi hauna ukuta wa kuzuia maneno.

"Wazee wamekaa," alisema. "Wanasema mmoja aende, wengi wabaki. Nimewaambia kinywa changu hakitamtaja Salima, wakitaka waniondoe mimi."

"Mungu akubariki, ndugu yangu."

"Subiri. Na wimbo ule sitauimba."

"Uliuimba msituni! Nilikusikia nyuma yangu, na sauti yako ile mbaya."

Hata yeye alitaka kucheka, akajizuia. "Msituni nilikuwa nimewabeba watu, dada. Mtu aliyebeba watu hachagui gogo la kuvukia. Lakini Jumapili nitakuwa nimesimama mbele ya madhabahu. Tulifukuzwa kwetu kwa sababu ya jina la Yesu. Baba alichomewa ndani ya kanisa kwa sababu ya jina hili. Leo nikiliweka pembeni ili serikali inipe kitanda, basi baba alikufa kwa nini?"

"Na wewe utakufa kwa nini, ndilo swali langu! Afisa ameniambia. Kiongozi hana onyo."

"Najua. Amenieleza na mimi."

"Basi nyamaza tu, lakini moyo uuache uende. Usiushike."

"Moyo wangu siushiki mimi," alisema Asukulu. "Anza wimbo unaoutaka. Sitakuzuia na sitakulaani. Nitasimama mahali pangu."

Wabiwa alimshika mkono, akamwambia tangu utotoni alikuwa mkaidi kama punda, akamsihi, akamtukana kidogo, akamsihi tena. Hakuna kilichobadilika. Asukulu alipoondoka alimbusu Riziki kwenye paji la uso na kumwambia Salima, "Lala salama, mwanangu." Wabiwa akajipa moyo kwamba damu ni damu. Watu wote wakiimba, moyo wa ndugu yake ungefuata, hata kama kichwa chake kingekataa. Aling'ang'ania hilo wiki nzima kwa sababu hakuwa na jingine la kung'ang'ania.

4

Jumapili Afisa Mbeyu alikuja na wanaume wawili wenye sare, wakabaki mlangoni. Bakuli darini lilitoa mlio mwembamba, ule wa kipimo kufunguliwa. Asukulu aliomba sala fupi, akageuka, akamtazama dada yake.

Wabiwa alianza.

Alianza chini, bila maneno, kama Salima alivyoanza msituni. Akina mama wa bombani wakadaka. Kisha sauti ya Salima ikaingia, nyembamba na yenye woga, ikataja jina la Rabbi wake mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu afike Kilele, na kitu kikafunguka ndani ya watu wale. Wazee waliokuwa wamekunja mikono wakaikunjua. Mzee Lubunga, aliyesema waziwazi kwamba mmoja aende, alifumba macho na machozi yakamshuka, maana msituni ni yeye aliyekuwa wa mwisho kabisa nyuma, na bila wimbo ule angebaki hukohuko.

Kwenye kioo, nukta ya safu ya tatu ilififia, ikawa ya waridi, kisha nyeupe. Nyeupe safi! Wabiwa karibu apige kelele.

Halafu akaona nukta ya madhabahuni.

Asukulu alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, midomo imefungwa. Hakuwa na hasira usoni. Kama kuna aliyesali mle ndani siku ile, alikuwa yeye. Lakini alisali peke yake, na Sikio halijui kusali. Nukta yake ilianza kuwa nyekundu pembeni, kidogokidogo, kama karatasi inayoshika moto.

Wabiwa alikuwa mwanzishaji. Wimbo ulikuwa mkononi mwake kama kamba. Ilikuwa ni kuvuta pumzi, kupandisha sauti na kuanza *Mkono Wako Haujachoka*, wimbo wa baba yao, na kanisa zima lingemfuata kabla ubeti haujaisha. Ndugu yake angerudi kuwa mweupe. Na Salima angerudi kuwa mwekundu, safari hii kwa mara ya mwisho. Alimtazama mdogo wake, ambaye yeye Wabiwa alimbeba mgongoni kabla ya kumbeba mtoto wake mwenyewe yeyote. Alimtazama Riziki amekamata sikio la Salima. Ubeti ukafika ukingoni. Mungu wangu, alisema moyoni, usinifanye mimi nichague.

Hakujibiwa. Akaanza ubeti wa pili wa kasida.

Asukulu alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyepewa salamu alizozitegemea. Nukta yake ilikuwa nyekundu yote.

Afisa Mbeyu alikuja mbele hatua ndogondogo. Alikuwa amepauka. "Mchungaji," alisema, "tafadhali, imba. Hata mstari mmoja. Hakijafungwa bado."

"Asante, binti yangu," alisema Asukulu. "Twende."

Wanaume wawili hawakumshika. Alitembea mwenyewe katikati ya safu, na watu waliendelea kuimba huku wamemtumbulia macho, maana hakuna aliyethubutu kunyamaza. Alipofika mlangoni aligeuka, akawaona wote. Ndipo akafungua kinywa. Hakusema neno la kuaga. Aliimba *Mkono Wako Haujachoka*, kwa sauti yake ile mbaya ambayo dada yake alikuwa akiitania miaka yote, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakuzaliwa ndani ya wimbo huo au hakuzika mtu kwa wimbo huo.

Safu za nyuma zikayumba. Mzee Lubunga akafungua macho. Mwanamke mmoja akaanza kumwitikia mchungaji wake bila kukusudia, kisha mwingine, na kwenye kioo nukta za nyuma zikaanza kugeuka nyekundu, mbili, tano, safu nzima, zikija mbele.

"Mama Wabiwa!" Afisa alipiga kelele. "Kipimo bado kiko wazi! Nitawapoteza wote hawa!"

Salima alikuwa ameacha kuimba. "Mama, basi," alilia. "Mwache aimbe. Niteremshwe mimi. Mwache mchungaji aimbe!"

Wabiwa alimkamata mkono kwa nguvu, pamoja na mkono wa mtoto. "Imba," alimwambia. "Imba, mwanangu."

Kisha akafungua kifua chote. Sauti ile aliyojaliwa na Mungu wa baba yake, sauti ya watu watatu, akaitoa mpaka kioo kikatetemeka ukutani. Aliimba kwa baraka za Mtume, aliimba alfajiri, akaimba juu ya sauti ya mdogo wake na kuikandamiza, akaendelea kuikandamiza, mpaka iliyokuwa inatoka mlangoni ikawa midomo inayochezacheza tu. Watu wakazidiwa, wakamrudia. Mlango ukafungwa.

Bakuli lilitoa mlio. Kipimo kimefungwa.

Nukta zilikuwa zimerudi, safu hadi safu. Wabiwa alitafuta ya kwake kushoto mwa madhabahu. Alikuwa anaomba, kwa mara ya kwanza tangu kioo kile kiletwe, aikute nyekundu, moyo wake uwe umemfuata mdogo wake.

Ilikuwa nyeupe.